Habari za Mbingu Zisipite Juu ya Vichwa Vyetu

Siku ya Jumapili, tarehe 9 Oktoba 2022, saa kumi na dakika kumi na saba za jioni, wananchi wa visiwa hivi walikuwa katika shughuli zao za kawaida. Waliokwisha kuswali Laasiri walikuwa barazani wakizungumza, watoto walikuwa viwanjani, na wavuvi walikuwa wakitazama upepo. Katika dakika hiyo hiyo mmweko wa miale ya gama, mkali kuliko mwingine wowote uliopata kupimwa na wanaadamu, ulishuka juu ya mapaa yetu. Haukuonekana kwa macho, haukusikika, wala haukumdhuru mtu. Lakini ulilitikisa tabaka la juu la hewa ya dunia, ukavilemea vipimo vya vyombo vya angani hata vingine vikashindwa kuuhesabu. Ulikuwa umesafiri kwa mwendo wa nuru muda wa miaka bilioni mbili kasoro kidogo mpaka kutufikia.

Muda si muda wataalamu wa mabara mbalimbali walikuwa wakipelekeana taarifa na kuzielekeza darubini zao upande ule. Baadaye walikadiria kwamba mmweko wa nguvu kama hiyo huifikia dunia mara moja tu katika muda wa miaka 10,000 hivi. Upande wa dunia ulioelekea mmweko huo ulikuwa ni Afrika, Asia na Ulaya, na visiwa hivi vilikuwamo katika upande huo. Hata hivyo, wengi wetu hatujapata kulisikia jambo hili mpaka leo tunaposoma safu hii.

Swali tunaloliuliza leo ni jepesi kulitamka, lakini ni zito kulijibu: Kwa nini habari iliyoshuka juu ya paa zetu ikawa habari ya watu wengine?

Kwanza yafaa tuelezane jambo lenyewe. Miale ya gama ni ndugu wa nuru tunayoiona na wa eksirei inayotumika hospitalini, ila nguvu yake ni kubwa zaidi kwa mbali. Mara kwa mara, kutoka pande zote za mbingu, hutokea mmweko wa miale hiyo. Mwingine hudumu chini ya sekunde mbili, mwingine hudumu dakika kadhaa, kisha hutoweka na haurudi tena. Mimweko mirefu kwa kawaida hutokea pale nyota kubwa mno inapokwisha kuni zake na kuporomoka ndani ya nafsi yake. Mimweko mifupi mingi hutokea pale nyota mbili zilizokufa, zilizoshindiliwa hata zikawa ndogo kama mji na nzito kuliko jua, zinapozungukana na hatimaye kugongana.

Hewa inayoizunguka dunia huizuia miale hiyo isifike ardhini. Hiyo ni rehema ya Mwenyezi Mungu kwa viumbe wake, lakini kwa mtafiti rehema hiyo ni pazia. Kwa hiyo darubini ya kuiona miale ya gama haina budi kupandishwa juu ya hewa. Wala darubini hiyo si ya vioo, kwa sababu kioo hakiwezi kuikusanya miale hii kama kinavyoikusanya nuru. Mahali pa kioo huwekwa fuwele, nayo kila ipigwapo na mwale huutambulisha kwa cheche ndogo au kwa chaji ya umeme, ambayo huhesabiwa na mitambo.

Ili kujua mmweko umetoka upande gani, chombo cha Swift kilichorushwa na Marekani, pamoja na washirika wake wa Uingereza na Italia, tarehe 20 Novemba 2004, kilitandaziwa juu ya fuwele zake vigae vya risasi zaidi ya 50,000, vikiachiana nafasi bila ya mpangilio wa kujirudia. Mmweko ukija, vigae hivyo hutupa kivuli, na kivuli hicho husomwa. Msomaji aliyepata kukaa mchana chini ya banda la makuti analijua jambo hili: akiyatazama madoa ya jua yaliyoanguka sakafuni, aweza kusema jua liko wapi bila ya kuinua kichwa. Fundi wa Swift amefanya hivyo hivyo. Na mara kinapokwisha kukisoma kivuli, chombo hicho chenyewe, bila ya kungoja amri ya mtu, hugeuka kwa muda wa dakika moja hivi kuuelekea mmweko kwa darubini zake nyingine.

Elimu hii ilianza kwa bahati, na bahati hiyo ina mafunzo kwetu. Mwezi wa Agosti 1963 Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza zilitia saini mjini Moscow mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya mabomu ya nyuklia hewani, angani na chini ya maji. Wakubwa hao walitia saini, lakini hawakuaminiana. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Marekani ilianza kurusha vyombo viwili viwili viitwavyo Vela, kilomita zaidi ya 100,000 kutoka duniani, ili vimlinde mwenzake asiripue bomu kwa siri. Tarehe 2 Julai 1967 vyombo hivyo viliandika mmweko wa miale ya gama usiofanana na wa bomu lolote.

Kumbukumbu ya mmweko huo ililala katika majalada. Ilipofika mwaka 1969 ndipo wataalamu wawili wa Los Alamos, Ray Klebesadel na Roy Olson, walipozilinganisha kumbukumbu za vyombo mbalimbali wakakutana nayo. Wakaendelea kukusanya mingine, na wakapiga hesabu ya tofauti ya sehemu za sekunde baina ya chombo kimoja na kingine katika kuupokea mmweko mmoja, kama vile watu wawili wa vijiji viwili wanavyoweza kujua mzinga umepigwa upande gani kwa kulinganisha nani aliusikia mwanzo. Hesabu ikaonyesha kwamba mimweko ile haikutoka duniani wala haikutoka katika jua. Mwezi wa Juni 1973, wao pamoja na Ian Strong waliitangazia dunia mimweko 16 iliyopatikana baina ya Julai 1969 na Julai 1972. Kutoka mmweko ule wa 1967 mpaka tangazo hilo ni miaka sita takriban.

Macho yaliyowekwa kwa ajili ya kuchunguza uadui wa binaadamu yaliona kazi ya Muumba. Hilo ni fundisho la kwanza. La pili ni kwamba habari iliyolala katika jalada haimfai mtu, hata kama jalada lenyewe ni la taifa lenye nguvu.

Sasa tuje kwetu. Wako wanaodhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu na Wamarekani, wala hayahusiani na pwani ya Waswahili. Dhana hiyo si kweli. Kaskazini ya Malindi, katika Ghuba ya Ngwana, Waitaliano wa Chuo Kikuu cha Rome chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio walisimamisha baharini jukwaa la kurushia roketi lililoitwa San Marco. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru wake, kiliruka chombo cha Marekani cha kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuitafiti mbingu kwa eksirei. Chombo hicho kilipewa jina la Uhuru. Neno letu la Kiswahili limo katika kila kitabu cha historia ya elimu hiyo. Kutoka jukwaa hilo hilo, tarehe 15 Novemba 1972, kiliruka chombo cha SAS-2, ambacho kilikuwa ni darubini ya miale ya gama yenyewe, nacho kilifanya kazi hadi Juni 1973. Roketi ya mwisho iliondoka hapo mwaka 1988, lakini minara ya mawasiliano ya Malindi haikunyamaza.

Mwaka 1996 Italia, kwa ushirikiano na Uholanzi, ilirusha chombo cha BeppoSAX kilichozunguka karibu na mstari wa ikweta. Kila kilipomaliza mzunguko mmoja kilipita juu ya pwani yetu na kuiteremsha hazina yake Malindi, kisha ikapelekwa Rome. Wakati huo dunia ilikuwa imeshahesabu mimweko zaidi ya elfu moja, na chombo cha Compton cha Marekani peke yake, kilichopandishwa mwaka 1991, hadi mwisho wa kazi yake kiliandika mimweko 2,704. Lakini hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa hakika iko mbali kiasi gani. Wengine walidai ni ya jirani, wengine wakadai ni ya miisho ya ulimwengu.

Tarehe 28 Februari 1997 BeppoSAX ikauona mmweko, na baada ya saa nane hivi ikawa imeelekezwa mahali pale na kukuta eksirei ikififia, mfano wa kaa lililobakia baada ya moto. Kundi la Jan van Paradijs wa Amsterdam, kwa kutumia darubini iliyoko La Palma, likaiona pia nuru ya kawaida ya kaa hilo. Mwezi wa Mei mwaka huo, mmweko mwingine ulioonwa na BeppoSAX ukapimwa kwa darubini ya Keck iliyoko Hawaii, ikathibitika kwamba ulitoka umbali wa mabilioni ya miaka ya mwendo wa nuru. Mabishano ya zaidi ya miaka ishirini yakaisha.

Ndugu msomaji, utazame ramani. La Palma ni kisiwa. Hawaii ni visiwa. Na Malindi, ambako habari yenyewe ilishukia, ni mwendo wa jahazi kutoka Pemba. Mwaka huo 1997 mwandishi wa safu hii alikuwa mwanafunzi wa skuli ya sekondari katika visiwa hivi. Tulifundishwa majina ya sayari, tukayahifadhi kwa mpangilio wake, tukapasi mitihani. Hatukuambiwa kwamba jirani zetu wa Malindi walikuwa wakiipokea habari iliyokuwa ikiutikisa ulimwengu wa elimu. Hatumlaumu mwalimu wetu, kwani hata yeye hapakuwa na wa kumwambia.

Lakini kwa sasa udhuru huo haupo tena. Tangu miaka ya 1990 umejengwa mtandao wa taarifa ambao, mara chombo cha angani kinapouona mmweko, huzisambaza habari zake kwa sekunde chache kwa kila aliyejiandikisha, bila ya malipo na bila ya kuulizwa taifa lake. Profesa wa chuo kikuu kikubwa na mwanafunzi wa Micheweni au Makunduchi mwenye intaneti hupata taarifa ile ile kwa wakati ule ule. Wakubwa hao hawakufanya hivyo kwa ukarimu tu. Wamejifunza kwamba jambo linalodumu sekunde chache haliwezi kuhodhiwa, kwani anayelificha hulipoteza yeye mwenyewe.

Ushahidi ulipatikana tarehe 17 Agosti 2017. Mitambo miwili ya Marekani na mmoja ulioko Italia ilihisi mtetemo wa nyota mbili zilizogongana. Chini ya sekunde mbili baadaye chombo cha Fermi, kilichorushwa mwaka 2008, kikauona mmweko mfupi wa miale ya gama. Taarifa zikatolewa, na kabla ya siku moja kwisha darubini iliyoko Chile ikaikuta nuru ya mgongano huo katika kundi la nyota lililo umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi. Vituo vipatavyo 70 vya ardhini na vyombo vya angani viliutazama. Humo ikaonekana kwamba migongano ya namna hiyo hutengeneza madini mazito, na dhahabu ikiwemo. Pete aliyoivaa bibi harusi huenda sehemu ya dhahabu yake ilitokana na moto wa namna hiyo kabla dunia haijaumbwa. Hakuna taifa moja ambalo lingeweza kulijua hilo peke yake.

Tunafahamu kwamba wako watakaosema: Bwana, sisi tuna matatizo ya maji, ya bei ya mchele na ya ajira za vijana, na wewe unatuletea nyota zilizokufa! Hoja hii ni ya haki na haifai kubezwa. Kiongozi anayemtajia mwenye njaa habari za mbingu bila ya kushughulikia chungu chake hastahili kusikilizwa. Hata hivyo hoja hiyo ina kasoro. Fuwele za kuhesabia miale ya gama angani zina ndugu zake katika mitambo ya hospitali inayotazama ndani ya mwili wa mgonjwa, na miale hiyo hiyo hutumika kutibia saratani. Kijana anayejifunza kuipima miale inayotoka katika nyota amejifunza pia kuipima inayotoka katika mtambo wa hospitali. Zaidi ya hayo, habari hizi zimekwisha kugharimiwa na wengine. Kilichobakia kwetu ni kumwandaa msomaji. Mtu aliyewekewa sahani mbele yake akasema hana pesa za chakula, tatizo lake si pesa.

Wala tusiseme kwamba kuzitazama mbingu ni ugeni kwetu. Wazee wetu waliokwenda Lamu, Maskati na Bombei hawakuwa na dira ya umeme, bali walizijua nyota kwa majina, na mkulima alikijua Kilimia kabla hajashika jembe. Chuoni, mtoto anayehifadhi Juzuu Amma hukutana na sura iliyopewa jina la mgeni abishaye usiku, na humo akaambiwa kuwa ni nyota. Hatusemi kwamba sura hiyo inazungumzia miale ya gama, kwani Kitabu hakihitaji kutafutiwa sifa kwa darubini. Tunasema tu kwamba mtoto aliyefundishwa kuuliza habari za mgeni wa usiku angali mdogo amekwisha kufunguliwa mlango wa elimu hii. Ni aibu yetu akija skuli akaukuta mlango huo umefungwa.

Kizuizi chetu ni nini, basi? Tuseme ukweli, hata kama unatuchoma wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita barua ilifika katika ofisi moja ya umma ikitoa nafasi za mafunzo ya sayansi kwa vijana. Ilipigwa muhuri siku ile ile iliyofika. Kisha ikapita kwa huyu kutiwa saini, ikapita kwa yule kutiwa maoni, ikangoja mkubwa arudi safari, na ilipotoka tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa wiki mbili. Hakuna aliyekula fedha wala aliyekusudia ubaya. Saini ya mwandishi wa safu hii imo katika karatasi hiyo, na ilitiwa siku ya nne. Chombo kisicho na roho hugeuka kwa dakika moja kuipokea habari; sisi tulio na roho na dhamana ya watu tuliigeuza karatasi moja kwa muda wa mwezi mzima. Vijana walioikosa nafasi ile hawakunyimwa na beberu. Walinyimwa na trei ya mezani.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wahusika, na tunauanzia kwetu sisi wa Chama. Kwanza, kila barua inayohusu masomo na mafunzo ya vijana itangazwe hadharani siku ile ile inayopokewa, katika mbao za matangazo za skuli na za masheha, kabla haijaanza safari yake ya saini. Jambo hili halihitaji bajeti.

Pili, wakuu wa elimu wateue skuli chache za sekondari, za Unguja na za Pemba kwa usawa, ambazo walimu wake wa fizikia watajiandikisha katika mtandao huo wa taarifa za mimweko na kuwafundisha wanafunzi kuzisoma. Mwanafunzi aanze kwa kuuliza: mmweko huu ulipofika, mbingu ya kwetu ilikuwa imeelekea wapi? Swali hilo moja lina hesabu, jiografia na fizikia ndani yake.

Tatu, nchi yetu na Kenya zimo pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Viongozi wetu waombe, kwa njia zinazostahiki, walimu na wanafunzi wetu wapate kukitembelea kituo cha Malindi na vijana wetu waliohitimu wapate kujifunza kazi humo. Bahari ile ni moja, na lugha ya mji ule ni yetu.

Nne, Baraza la Kiswahili la Zanzibar na wenzao wa Bara wakae na walimu wa sayansi waafikiane juu ya maneno. Makala haya yametumia neno mmweko. Mwingine atasema mlipuko, wa tatu atasema mfumuko. Lugha iliyokipa jina chombo cha mwaka 1970 haistahili kubabaika mbele ya mtoto anayeuliza.

Mmweko ule wa Oktoba 2022 umekwisha kupita, na kwa makadirio ya wataalamu hata vitukuu vya vitukuu vyetu huenda wasiuone mfano wake. Lakini midogo kuliko ule huja takriban kila siku, na mmoja waweza kuja usiku wa leo, wakati msomaji amelala na gazeti hili limefungiwa maandazi. Utabisha hodi sekunde chache kisha uende zako. Wako watakaokuwa macho kuupokea, huko La Palma, Hawaii na Chile. Tunataka siku moja, katika orodha ya waliokuwa macho, liandikwe pia jina la mwanafunzi wa visiwa hivi.